Je, Sabuni Zetu Ndizo Zinazoua Samaki Ukingoni mwa Ziwa?

Swali: "Ninaishi karibu na ziwa, upande wa Masese, Jinja. Sisi akina mama wa hapa hufua nguo na kuosha vyombo ukingoni, na kikundi chetu hutengeneza sabuni ya maji ya kuuza, kwa ungarol (uji mzito wa malighafi ya sabuni), asidi ya salfoniki na kostiki soda. Majuzi samaki walikufa katika vizimba vya mfugaji mmoja, na wengine wakaonekana wakielea karibu na mwalo. Shemeji yangu, ambaye ni mvuvi, anasema sabuni zetu ndizo zinazoua samaki, na sasa wanaume wanamshawishi mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji chetu, atupige marufuku kabisa kufika majini. Baadhi ya wenzangu wanasema tuache sabuni ya unga tutumie ya mche au za mimea, kwa kuwa vitu vya asili havidhuru. Mmoja amenunua sabuni ambayo karatasi yake inasema inaozeka. Tena kila Jumamosi mimi humwaga Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, katika choo cha shimo ili kisinuke, na chini ya choo hicho kuna chemchemi tunayochota maji ya kunywa. Nani yuko sahihi, na tufanye nini bila kuacha kufua?"

Jibu:

Dada yangu, nakushukuru kwa kuandika kwa kirefu, kwa sababu katika mambo ya maji mara nyingi maelezo madogo ndiyo yanayogeuza jibu. Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili: kwamba kazi ya mikono yenu inaua samaki wanaowalisha, na kwamba mtanyimwa maji kwa kosa ambalo huenda si lenu. Nianze na hukumu, kisha nieleze sababu zake. Kuhusu samaki wadogo walioko pale pale mnapofulia, shemeji yako ana hoja ya kweli. Kuhusu vizimba vilivyoko mbali na ukingo, inaelekea amekosea. Wenzako wanaoamini kwamba cha asili hakidhuru wamekosea pia. Jik chooni haikusaidii sana, na kinachostahili kukutia wasiwasi kuhusu chemchemi hiyo si Jik. Juu ya hayo yote, aina ya sabuni ina uzito mdogo kuliko mahali maji ya sabuni yanapomwagwa.

Sabuni yoyote, iwe ya mche, ya unga au ya maji, hufanya kazi kwa njia moja. Ndani yake mna molekuli ambazo wanakemia huziita safaktanti, zenye ncha mbili: moja hupenda maji na nyingine huyakimbia maji na kushikamana na mafuta. Ncha ya mafuta hujichomeka katika uchafu, ncha ya maji huuvuta uchafu huo nje ya nguo, nawe unausuuza. Tatizo ni kwamba molekuli hizo haziwezi kutofautisha mafuta ya nguo na mafuta yaliyomo katika mwili wa kiumbe hai. Matamvua ya samaki yamefunikwa kwa ngozi nyembamba sana, ili oksijeni iliyo majini iweze kupenya na kuingia katika damu, na juu ya ngozi hiyo kuna ute unaoikinga. Safaktanti huuondoa ute, kisha huanza kulegeza utando wa chembe zenyewe, ambao nao umejengwa kwa mafuta. Matamvua huvimba, samaki hutoa ute mwingi kujitetea, na njia ya oksijeni huzibika. Anaweza kukosa pumzi katika maji yenye oksijeni ya kutosha. Mayai na vifaranga ndio wanaodhurika mapema zaidi, na wadudu wanaotembea juu ya maji huzama, maana sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji unaowabeba.

Sasa tuje kwenye kiasi, kwa kuwa bila kiasi mjadala wenu na wanaume utabaki kuwa wa kelele tu. Safaktanti inayotumika sana katika sabuni za unga, ile inayotokana na asidi ya salfoniki kama mnayonunua, huua samaki wa aina nyingi inapofikia miligramu 1 hadi 10 katika lita moja ya maji kwa muda wa siku nne hivi. Chukua beseni moja la kufulia ambalo umetia gramu 100 za unga, yaani konzi mbili za ukarimu. Kama safaktanti ni asilimia 15 ya unga huo, beseni lako lina gramu 15. Ili gramu hizo zishuke hadi miligramu 1 kwa lita, zinahitaji kuchanganyika na lita 15,000 za maji, ambazo ni madumu 750 ya lita 20. Mbali kidogo na ukingo, mawimbi yanaweza kuyapata maji hayo kwa haraka. Lakini pale mnaposimama, maji yakiwa yanafika magotini na yametulia kati ya matete, lita 15,000 ni eneo lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 hivi. Ndani ya eneo kama hilo ndimo ngege wadogo hujificha wasiliwe na sangara. Wanawake kumi wakimwaga mabeseni yao asubuhi moja katika ghuba ndogo isiyo na mkondo, madhara yanawezekana kabisa, na hapo shemeji hakusema uongo.

Vizimba ni habari nyingine. Vingi huwekwa penye kina na mkondo, na kwa hesabu ile ile, sabuni ya kufulia kutoka ukingoni hufika huko ikiwa imechujuka mara maelfu. Samaki wengi wanapokufa kwa pamoja katika Ziwa Viktoria, mshukiwa wa kwanza ni upungufu wa oksijeni. Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wengi walikufa katika Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga upande wetu wa Uganda, na maelezo ya serikali yalikuwa hayo hayo: oksijeni ilipungua majini. Sangara ndiye anayetangulia kufa katika hali hiyo kwa sababu anahitaji oksijeni nyingi kuliko ngege. Chanzo chake kinaeleweka. Maji ya chini ya ziwa hukaa muda mrefu bila kuchanganyika na ya juu, na vitu vinavyoozea huko humaliza oksijeni. Dhoruba kali ikiyapindua, maji hayo yasiyo na oksijeni hupanda juu na kuwakuta samaki. Katika kizimba samaki hawana pa kukimbilia, na chakula kinachobaki pamoja na kinyesi chao huongeza uozo chini yao.

Kuna alama zinazoweza kuwasaidia kutofautisha, hata kabla mtaalamu hajafika. Oksijeni hufika kiwango cha chini kabisa alfajiri, kwa sababu usiku kucha mwani na viumbe wote huivuta bila jua la kuirudisha. Kwa hiyo samaki wanaoonekana wakihema juu ya maji kabla ya jua kuchomoza, huku wakubwa wakifa kabla ya wadogo na katika eneo pana, wanaelekeza kwenye oksijeni. Samaki waliokufa mahali pamoja tu, saa yoyote ya mchana, wadogo wakitangulia, matamvua yakiwa na ute mzito, wanaelekeza kwenye kitu kilichomwagwa. Hizi ni dalili wala si ushahidi wa mahakamani, ila zingetosha kuwauliza wanaume: waliokufa walikuwa wakubwa au wadogo, na walionekana saa ngapi?

Kuhusu sabuni za asili, niseme bila kuficha kwamba neno hilo limewapotosha watu wengi. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, alipokuwa akichunguza konokono wanaoeneza kichocho karibu na mji wa Adwa, aliona kwamba chini kidogo ya mahali wanawake walipofulia mtoni palikuwa na konokono wengi waliokufa. Wanawake wale hawakuwa wakifua kwa sabuni ya kiwandani. Walifua kwa matunda ya mmea uitwao endodi, yenye saponini, ambayo ni safaktanti iliyotengenezwa na mmea wenyewe. Mmea huo unaota Uganda pia, na Waganda huuita oluwoko. Unaua konokono, na unaua samaki vilevile. Watu wa sehemu nyingi za Afrika wamekuwa wakivua kwa kutia majini mimea yenye saponini tangu zamani, na samaki huibuka wakiwa hoi. Kama mmea ungekuwa salama kwa kuwa ni mmea tu, uvuvi huo usingewezekana.

Sabuni ya mche ina nafuu ya kweli, ingawa si ile inayotajwa. Haina fosfeti (chumvi ya fosforasi, nitakayoieleza mbele), huoza haraka, na katika maji magumu yenye kalsiamu nyingi huganda kuwa ukoko mweupe usioyeyuka, hivyo makali yake hupungua. Ila maji ya Ziwa Viktoria ni laini, yana kalsiamu kidogo sana. Ndiyo maana sabuni hutoa povu kwa urahisi huko na watu hupenda kufulia ziwani kuliko kisimani. Ulaini huo unamaanisha kwamba ule ukoko hautokei kwa wingi, na sabuni hubaki ikifanya kazi majini. Siki na limau nazo ni asidi hafifu. Zitasaidia kuondoa ukoko wa chokaa kwenye birika na harufu ya samaki kwenye sufuria, wala sioni ubaya wake, lakini hazitaondoa mafuta kwenye shati la fundi wa magari, na kuzitegemea kufulia ni kujichosha.

Karatasi inayosema sabuni inaozeka haidanganyi, lakini imenyamazia masharti. Katika miaka ya 1950 sabuni za unga za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa safaktanti yenye matawi mengi ambayo bakteria hawakuweza kuivunja, na mito ikajaa povu. Ujerumani Magharibi ikatunga sheria mwaka 1961, na viwanda vikahamia kwenye safaktanti ya mnyororo ulionyooka, ile inayotumika hadi leo. Hiyo huoza kwa siku chache, iwapo kuna bakteria wa kutosha na oksijeni ya kutosha. Pasipo oksijeni, kama katika shimo la choo, tangi la maji taka lililofungwa au tope zito la chini ya ghuba, karibu haiozi kabisa. Na hata penye oksijeni, siku chache ni muda mrefu kwa kifaranga wa ngege aliye mita mbili kutoka beseni lako. Zaidi ya hayo, bakteria wanaoivunja wanatumia oksijeni ya maji hayo hayo. Kwa hiyo sabuni inayoozeka ni bora ikimwagwa kwenye udongo, ambako hewa ipo na bakteria ni wengi. Ikimwagwa ziwani, faida yake karibu yote inapotea.

Nilitaje na suala la fosfeti, maana wanaharakati wetu hulitaja sana, na mara nyingi bila vipimo. Baadhi ya sabuni za unga hutiwa fosfeti ili kulainisha maji magumu, jambo ambalo kwa maji ya ziwa letu halina haja. Fosforasi iliyomo ndani yake ni mbolea. Katika majaribio yaliyofanyika Kanada mwaka 1973, ziwa moja dogo liligawanywa katikati kwa pazia. Nusu moja ikatiwa kaboni na naitrojeni, nusu nyingine ikatiwa hizo pamoja na fosforasi, na ni hiyo ya pili iliyogeuka kijani kwa mwani. Gramu 1 ya fosforasi inaweza kulisha takriban gramu 100 za mwani, ukipimwa mkavu. Gramu zako 100 za unga, kama fosfeti aina ya tripolifosfati ni asilimia 10, zina gramu 2.5 za fosforasi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo kikali cha fosforasi katika sabuni za kufulia za majumbani kuanzia katikati ya mwaka 2013. Kwetu, pakiti nyingi hazisemi kama fosfeti imo au haimo, kwa hiyo ukiona imeandikwa wazi kwamba haimo, nunua hiyo kama bei ni ile ile.

Hata hivyo haki itendeke. Mtu mmoja hutoa takriban gramu 1 ya fosforasi kwa siku kupitia mkojo na kinyesi, kwa hiyo familia ya watu sita ina gramu sita kila siku, iwe siku ya kufua au siyo. Ongeza mbolea na udongo unaosombwa kutoka mashambani, na vumbi na majivu yanayoletwa na upepo na mvua. Kule Kampala, mfereji wa Nakivubo hubeba maji taka na ya mvua ya jiji hadi Ghuba ya Murchison, na katika ghuba hiyo hiyo ndiko mitambo ya Ggaba inakochota maji ya kusafisha kwa wakazi. Maji ya ghuba yalichafuka kiasi kwamba shirika la maji lilijenga mtambo mwingine Katosi, mbali upande wa mashariki, penye maji safi zaidi. Mabeseni yanachangia hali hiyo, lakini hayakuileta peke yake, na anayewaambia wanawake wa Masese kwamba gugu maji na ukijani wa ziwa ni kazi ya Omo yao anaongea kuliko anavyojua.

Tuje kwa Jik. Ndani yake kuna hipokloriti ya sodiamu, na hiyo ni kemikali kali kwa samaki kuliko sabuni yoyote iliyomo nyumbani mwako. Hata chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu ya klorini katika lita inaweza kuwadhuru. Maji ya bomba yenye klorini iliyobaki ya miligramu 0.2 hadi 0.5 tunayanywa bila shida, lakini samaki ukimtia humo moja kwa moja anaweza kufa. Wakati huo huo klorini huisha haraka sana inapokutana na uchafu. Glasi unayoimwaga chooni humalizika kwa dakika chache, ikipambana na tabaka la juu tu la kinyesi, na kinachobaki zaidi ni chumvi. Ndiyo maana harufu hurudi. Klorini yenyewe haitaifikia chemchemi yako. Ninachokuomba ni kuacha kwa sababu mbili nyingine: Jik ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma macho na kifua katika chumba kidogo kama choo, na ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu ya hatari. Kwa harufu, mwaga jivu kavu kila baada ya matumizi na ufunike tundu. Jivu hukausha na ni la bure.

Kuhusu chemchemi, kinachoniondolea usingizi ni choo chenyewe kuwa juu yake. Mwongozo wa kawaida ni kwamba choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Penye udongo wa changarawe hata mita hizo hazitoshi. Kinachosafiri kutoka huko ni bakteria na naitreti (chumvi ya naitrojeni itokanayo na kinyesi na mkojo), wala si harufu ya Jik. Mwombe afisa wa afya wa eneo lenu au idara ya maji ya wilaya apime bakteria wa kinyesi, na mpaka majibu yatoke, chemsheni maji yote ya kunywa. Kuchemsha huua vijidudu, ila hakuondoi naitreti, na jambo hilo ni muhimu kama nyumbani mna mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo. Vilevile, siku maji ya ziwa yanapokuwa kijani kama rangi ya ukuta, msiyanywe hata yakichemshwa, maana baadhi ya mwani huo una sumu ya ini isiyoondoka kwa moto.

Nimeacha kazi ya kikundi chenu hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu nadhani ndiyo hatari kubwa zaidi kuliko kufua, na hakuna aliyeitaja. Ungarol mnayonunua ni uji mzito ambao takriban asilimia 70 ni safaktanti halisi. Gramu 50 tu zikibaki zimenata kwenye kuta za dumu lake, mna gramu 35 za safaktanti, zaidi ya mabeseni mawili ya kufulia. Na dumu hilo, pipa la kukorogea na mwiko wake husuuzwa wapi? Kama ni ziwani, basi siku ya kutengeneza sabuni ndiyo siku ya kuwaogopea samaki. Msisuuze kwa kumwaga. Maji ya kusuuzia dumu la ungarol, na yale ya dumu la asidi ya salfoniki, yarudisheni kwenye pipa kama sehemu ya maji ya kutengenezea. Mtaokoa mali mliyoinunua kwa pesa. Pipa lenyewe likishatolewa sabuni, maji ya kulisuuza yawekwe kwenye dumu lenye alama yakingojea awamu inayofuata.

Kostiki soda nayo inataka uangalifu wake. Samaki wengi huishi vizuri pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ikiwa kati ya 6.5 na 9, lakini sabuni iliyozidishwa soda inaweza kufika 12. pH ikipanda, amonia ambayo kwa kawaida iko majini katika hali isiyodhuru hugeuka kuwa ile inayopenya matamvua na kuwaua samaki. Nunueni vikaratasi vya kupima pH kwenye maduka ya kemikali yanayowauzia malighafi. Sabuni ya vyombo ikisoma kati ya 7 na 9, mikono ya wateja wenu nayo itawashukuru. Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, mkiipata, itasema bidhaa imefikia kiwango cha ubora, lakini haitampa mtu ruhusa ya kuimwaga ziwani. Soda itiwe kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya soda, na isihifadhiwe kwenye chupa za soda ya kunywa. Mtoto akiinywa au akinywa Jik, asitapishwe. Msuuzeni kinywa kwa maji na mumkimbize kituo cha afya mkiwa na chupa yenyewe mkononi.

Basi mfue wapi? Chota maji, upande nayo nchi kavu, ufulie huko, na umwage huko. Najua uzito wa jerikani kichwani, na ndiyo sababu sipendekezi kila mtu abebe hadi nyumbani kwake. Kikundi chenu kinaweza kuomba sehemu moja ya pamoja iliyoinuka, penye nyasi au migomba, ambapo maji hayatiririki kurudi ziwani hata mvua ikinyesha. Kisheria ukanda wa mita 200 kutoka maji ya Ziwa Viktoria umehifadhiwa, kwa hiyo ujenzi wowote wa saruji humo unahitaji kibali, na mazungumzo na afisa wa mazingira wa wilaya yatangulie. Chimbeni mtaro mpana usio na kina kirefu, jazeni changarawe na juu yake matandazo ya majani, kandokando pandeni migomba. Shimo refu lenye giza halifai, maana nimekwisha kueleza kwamba safaktanti ya sabuni ya unga karibu haiozi pasipo hewa. Juu, penye mizizi, ndiko kazi inakofanyika. Mwe na mitaro miwili mbadilishane, mmoja upumzike, kwa kuwa sodiamu ya sabuni hukusanyika na kuugandisha udongo wa mfinyanzi. Maji yenye Jik yaacheni juani kwenye beseni pana hadi kesho yake kabla ya kuyamwaga, na maji yoyote ya sabuni yasimwagwe kwenye mboga za majani mnazokula.

Mafunjo yaliyobaki ukingoni msiyakate. Mizizi yake na bakteria waliojishikiza humo huchuja fosforasi na naitrojeni inayopita. Kinamasi cha Kirinya, hapo hapo Jinja, hupokea maji kutoka mabwawa ya maji taka ya mji na huyapunguzia makali kabla hayajafika ziwani. Ila kinamasi nacho kina kipimo chake, wala kisigeuzwe ruhusa ya kumwaga ungarol.

Kuna faida nyingine ambayo ingetosha peke yake kuwatoa majini. Kusimama ziwani ukifua ni njia mojawapo kuu ya kupata kichocho, na Masese iko katika ukanda wa ziwa ambao ugonjwa huo umeenea. Maji yaliyochotwa yakakaa siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa, bila konokono ndani, hayana tena vimelea hai vya kichocho vya kupenya ngozi. Kama mmekuwa mkifulia majini kwa miaka, nendeni mkapimwe, na dawa ipo.

Mpunguze na kiasi cha sabuni pia. Povu si kipimo cha usafi. Nguo zikilowekwa nusu saa kwanza, konzi moja hufanya kazi ya mbili, na wakati wa kusuuza mtatumia maji machache. Dawa za kulainisha nguo na baadhi ya dawa za kusafishia sakafu zina kemikali zinazonata kwenye tope na kuua mwani na samaki kwa kiasi kidogo, na kwa kuwa hazina ulazima wowote nyumbani, mimi ningeziacha dukani.

Marufuku ya jumla anayotakiwa mwenyekiti kuitoa naiona haitafanikiwa kama hakuna mahali pengine pa kufulia, kwa sababu watu watahamia ghuba ya pili au watakuja usiku. Nendeni kwake mkiwa na pendekezo la mtaro na ahadi ya kutosuuza madumu ziwani, na mwombe wanaume nao waulizwe kuhusu mafuta ya injini za mitumbwi na vyoo visivyokuwepo mwaloni.

Samaki wakifa tena, msisubiri mkutano. Msiwale wala msiwauze. Siku hiyo hiyo mpigieni afisa wa uvuvi wa wilaya, na kwa bahati yenu taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, NaFIRRI, iko hapo Jinja. Jazeni chupa safi ya maji mahali samaki walipo na nyingine mbali na hapo, mzizibe bila kuacha hewa ndani, mziweke penye baridi. Wekeni samaki watatu au wanne wanaokufa, si waliooza, kwenye barafu. Andikeni saa, hali ya upepo, nani alifua na nani alikoroga sabuni siku hiyo. Mwombeni afisa apime oksijeni alfajiri inayofuata, kwenye vizimba na kwenye ufukwe wenu. Ikisoma chini ya miligramu 2 au 3 kwa lita kote kote, mfugaji atalazimika kuzungumza na afisa huyo kuhusu idadi ya samaki katika vizimba, chakula anachowapa na mahali alipovitia. Ikiwa oksijeni ni ya kutosha na waliokufa ni wadogo wa ukingoni tu, mpeni afisa orodha ya kila kitu mnachotumia, pamoja na zile chupa mbili, ili maabara ijue ianze kutafuta nini.